Chumba cha Nyuma cha Thelma Ormerod

Thelma Ormerod alipiga kura dhidi ya mashine ya kufyonza vumbi. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na amekuwa akiyarudia kwenye foleni ya duka la mikate tangu mwaka 2016, kila anapoulizwa ilikuwaje mtu aliyewalisha vijana wengi hivyo wa Hispania akaamua kuitoa nchi yake katika Umoja wa Ulaya. Wakubwa wa Umoja walikuwa wamepitisha sheria kwamba mashine hizo zisizidi nguvu fulani. Thelma alinunua moja ya zile mpya, akaipitisha kwenye zulia la ngazi, na manyoya ya paka yakabaki palepale. Siku ya kura ilipofika hakuhitaji hotuba ya mtu.

"Nilipiga kura kuhusu zulia," husema. "Hakuna aliyeniuliza kuhusu Pelayo."

Clifford, mumewe, fundi bomba mstaafu, alipiga kura ya kubaki, kwa sababu alikuwa ameshazoea. Walikwenda kituoni kwa gari moja, kila mmoja akaifuta kura ya mwenzake, wakarudi nyumbani kula pai.

Pelayo anayetajwa hapo ni mmoja wa vijana waliolala katika chumba cha nyuma cha nyumba hiyo ya matofali, hapa Hallowshaw, Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Chuo chetu cha ufundi kina idara ya upishi, na idara hiyo ilikuwa na urafiki wa miaka mingi na shule ya upishi ya Villarmil, mji mdogo wa Asturias, kaskazini mwa Hispania. Kila majira ya kuchipua vijana wao walikuja kufanya mazoezi katika jiko la chuo na mahoteli ya jirani. Kila vuli wetu walikwenda kwao. Umoja wa Ulaya ulilipia safari na malazi ya pande zote mbili, na familia za mji ziliwapokea wageni. Wawili kati yao walikuwa wa Thelma siku zote. Mwalimu yeyote aliyejaribu kuwapeleka kwingine aliulizwa kwa upole nyumba ya Ormerod ina kasoro gani.

Thelma hajui neno la Kihispania. Alizungumza nao Kiingereza, na wasipoelewa alikirudia kwa sauti kubwa zaidi, mpaka wakaelewa au wakaona ni salama zaidi kukubali. Hakuwauliza wanapenda kula nini. Jumatatu ilikuwa nyama ya kondoo na viazi vilivyopangwa juu kama vigae, na kando yake kabichi nyekundu ya siki. Pelayo Fanjul, aliyefika akiwa na miaka kumi na saba na shingo ndefu, aliuliza jioni ya kwanza kitunguu saumu kiko wapi.

"Una mafua, mpenzi?" Thelma alimuuliza.

Sasa Pelayo ni mtu mzima, ana mkahawa wake Villarmil, na siku za mvua hupika nyama ile ya Jumatatu. Inasemekana huweka kitunguu saumu. Thelma anajua, na ameamua kutolizungumzia.

Kisha nchi ikatoka kweli. Hakukuwa na ugomvi na mtu, ulikuwa utaratibu tu. Serikali ilianzisha mfuko wake mpya wa wanafunzi, na Lorna Haslam, mwalimu wa upishi anayesimamia safari hizi, alikuja jikoni kwa Thelma kuueleza. Lorna ana umri wa kuwa binti yake na humsema kama dada yake.

"Mfuko unawalipia wanaokwenda," alisema Lorna. "Wanaokuja haulipi."

"Sasa wanaokuja wanakujaje?"

"Wajitegemee. Kule kwao bado zipo hela za Umoja, ila sehemu ndogo tu ndiyo inaruhusiwa kutumika nje. Na sisi sasa ni nje."

"Kwa hiyo tunabadilishana na nani?"

"Hatubadilishani. Tunawapelekea tu."

Clifford, aliyekuwa nyuma ya gazeti, alisema huo ni mchezo wa kupiga mpira ukutani.

"Na wakija kwa matembezi," Lorna aliendelea, "hawaruhusiwi kufanya kazi. Jikoni chuoni wataangalia tu."

Thelma aliweka birika chini. "Mtoto atoke Hispania akae kwenye kiti kuangalia viazi vyangu?"

"Ndiyo hayo uliyoyapigia kura, mama."

"Nilipigia kura mashine, Lorna."

Chumba cha nyuma kikakaa bure. Thelma aliendelea kupika nyama ya watu wanne, na Clifford akawa anaila mpaka Jumatano. Kila Jumapili alikiwasha kipasha joto cha chumba hicho, eti kisishike unyevu. Alibadilisha mashuka ambayo hakuna aliyeyalalia. Mtu angemuuliza kama anawakumbuka vijana wake, angejibu kwamba kuna utulivu mzuri sasa. Clifford, aliyemwona akisimama mlangoni mwa chumba akiwa na kikapu cha nguo mkononi, bila kuingia wala kuondoka, hakumuuliza.

Matumaini yalirudi pale mkuu wa shule ya Villarmil, Doña Covadonga Llaneza, yaani Bibi Covadonga, alipotangaza kuja mwenyewe. Vijana wake alitaka kuwapeleka kwenye mji mmoja, na alitaka kuuona kwanza. Habari zilikuwa zimeenea kwamba mji fulani wa Ireland nao unamwita. Ireland wanazungumza Kiingereza, bado wamo ndani ya Umoja, na huko kijana anaruhusiwa kushika sufuria. Hallowshaw tulikuwa na urafiki wa zamani, na tulikuwa na Thelma.

Kilichotokea baadaye hakiwezi kueleweka bila kujua kwamba mtu wa Lancashire hasifu chake. Kusifu mji wako mbele ya mgeni ni kama kumwonyesha nguo zako za ndani. Adabu ni kuuponda, kisha mgeni akatae, aseme mbona pazuri, mwenyeji akatae tena kidogo, na hapo wote wawe wamefurahi. Tunafundishwa tangu utotoni, na hatukumbuki kufundishwa.

Doña Covadonga alipokewa katika klabu ya mchezo wa kuviringisha mipira kwenye majani, kwa chai na pai. Mwenyekiti, Stanley Greenhalgh, alimvulia kofia.

"Pole kwa mvua, mama."

"Itaisha lini?"

"Agosti, ikijisikia. Sijui kwa nini umejisumbua kuja huku. Hapa hamna kitu."

Mwenye duka la mikate alimwambia pai siku hizi si kama zamani. Naibu mkuu wa chuo alimtembeza jikoni akimwonyesha jiko moja baada ya jingine na kumweleza lipi linavuja. Mwanamke wa maktaba, aliyetamani vijana hao waje kuliko wengi, alisema wakija watachoka kwa upweke, maskini. Kila mmoja alimaliza sentensi yake na kungoja. Doña Covadonga alitikisa kichwa kwa huzuni na kuwashukuru. Walirudi makwao wameumia kidogo, wakisema yule mama ni baridi.

Lakini aliyekuwa na la kujibu hasa ni Thelma, kwa kuwa mgeni alilala kwake, katika chumba kile, kitandani kwa Pelayo. Asubuhi Doña Covadonga aliuliza moja kwa moja, kama wanavyouliza kwao.

"Thelma, niambie ukweli. Vijana wetu walikuwa mzigo kwako?"

"Aa, mtu anazoea."

"Ukiletewa wengine?"

"Chumba kipo. Si kwamba kuna anayekitumia."

"Na Ireland? Unaonaje?"

"Nasikia Ireland ni kuzuri sana," alisema Thelma, akimkatia mkate. "Msitufikirie sisi."

Clifford anasema alimkanyaga mguu chini ya meza. Thelma anasema alidhani ni paka.

Siku chache baadaye Doña Covadonga alimpigia simu Lorna, naye Lorna akaenda moja kwa moja kwa Thelma, koti likichuruzika maji.

"Amesema hajapata kukutana na watu wakweli kama sisi," Lorna alisema. "Amesema mji mzima ulimsihi kwa heshima asilete watoto, na atatii. Ireland walimwambia mji wao ndio bora Ulaya nzima. Wetu wa vuli hii atawapokea kwa kuwa aliahidi, kisha basi. Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

"Ndiyo maana."

"Ningemwambia nini? Nimlilie juu ya mkate?"

"Ungemwambia unawataka."

Thelma alitazama dirishani. "Hilo si angelijua tu," alisema. "Nilimtolea zile taulo nzuri."

Hapa Lorna alikumbuka kwamba alikuwa na nafasi ya mwanafunzi mmoja katika safari ya vuli. Thelma huhudhuria darasa la mikate chuoni kila Jumatano. Amekuwa akioka mikate tangu kabla mwalimu hajazaliwa, na huenda hasa kwa ajili ya chai na maneno. Lakini ameandikishwa kama wengine wote.

"Wewe ni mwanafunzi wangu," alisema Lorna.

"Nije Jumatano, najua."

"Mfuko unawalipia wanafunzi wanaokwenda."

"Lorna, nina miaka sabini na moja."

"Hawakuuliza umri. Wameuliza kama anasoma."

Gazeti lilishuka. "Serikali inampeleka mke wangu masomoni ng'ambo," alisema Clifford. "Mama yako angefurahi, Thelma. Alikuwa amekata tamaa."

Jibu la mfuko lilichelewa, kama kawaida yake, na lilikuja wakati masanduku ya wengine yalikuwa tayari yamefungwa. Walikubaliwa wote. Thelma, ambaye safari yake ya mbali zaidi ilikuwa kisiwa cha jirani cha Man, aliondoka na vijana watatu wa chuo, akiwa na birika lake dogo la umeme na chai ya kutosha jeshi.

Uwanja wa ndege wa Asturias una foleni mbili. Ile ya watu wa Umoja ilikuwa inatembea. Thelma na vijana walielekezwa kwenye ile nyingine. Keira Bamber, wa darasa la keki, mwenye ulimi wa mama yake, aliegemea sanduku.

"Foleni hii ni yako, bibi. Uliipigia kura."

"Niliipigia kura mashine."

"Basi imekufyonza mpaka hapa."

Thelma alicheka, kisha akakumbuka kwamba askari wa mpaka anaangalia, akaacha.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Pelayo alikuwa anangoja, shingo ile ile, tumbo jipya. Alimkumbatia, akachukua birika, akaelekeza kidole angani.

"Unaiona? Mvua bora Hispania nzima. Ndiyo maana ng'ombe wetu ni wazuri."

Thelma alidhani anatania. Alipofika mjini aligundua kwamba hakuna aliyekuwa anatania. Mwenye bucha alimwambia soseji zake za damu hazina mshindani. Mwuza jibini alisema yeye akifa watu wataanza kulia kwa ajili ya jibini, wamfikie yeye baadaye. Jirani mmoja alimtembeza kumwonyesha kituo cha basi, kwa kuwa kilikuwa kizuri. Mkahawani Pelayo aliinua chupa juu ya kichwa akamimina divai ya tufaha katika glasi iliyokuwa chini ya kiuno, nusu ikaenda sakafuni, akatangaza kwamba hakuna anayemimina kama yeye.

"Kwetu," Thelma alimwambia, "mtu akisifu kitu namna hiyo tunajua anataka kukiuza."

"Nataka kukiuza," alisema Pelayo.

Alilala kwa mama yake Pelayo, Doña Oliva, mjane mfupi mwenye mikono ya mkulima. Naye hakumuuliza anapenda kula nini. Kwa hilo walielewana bila mkalimani. Lakini asubuhi ya kwanza Doña Oliva aliuliza, kupitia kwa mwanawe, mgeni amelalaje.

"Si vibaya," alisema Thelma. Alikuwa amelala kama mtoto.

Jioni aliporudi kutoka jikoni mwa shule, akiwa na unga mpaka kwenye nyusi, alikuta wanaume wawili wa jirani wakipandisha godoro jipya kwenye ngazi, na Doña Oliva nyuma yao akiwaelekeza kwa sauti. Thelma alisimama chini ya ngazi, uso umemwiva.

"Pelayo, godoro lilikuwa zuri. Mwambie lilikuwa zuri sana."

"Ulisema si vibaya."

"Ndiyo maana yake hiyo."

Pelayo aliketi kwenye ngazi ya chini, akicheka polepole. "Bibi Thelma, mama yangu anaamini unachosema. Huku wote wanaamini. Mimi nilikaa kwako wiki nzima nikidhani unanichukia. Kila nikipika unasema umewahi kuonja kibaya zaidi. Nilimpigia mama simu nikimwambia nataka kurudi."

"Hukuniambia."

"Siku ya pili yake uliniletea chupa ya maji ya moto kitandani, bila kusema kitu. Nikaanza kuangalia mikono yako, nikaacha kusikiliza maneno."

Godoro lilipinda kona na kupotea juu. Thelma alikuwa bado anawaza. "Covadonga alikaa kwetu siku mbili tu," alisema.

"Ndiyo," alisema Pelayo. "Hakupata muda wa kuangalia mikono."

Ofisi ya mkuu wa shule iko juu ya jiko, na inanuka siagi. Thelma alikwenda akiwa amevaa koti lake la kanisani. Pelayo alifuatana naye, kwa kisingizio cha kutafsiri, ingawa Doña Covadonga anazungumza Kiingereza vizuri kuliko watu kadhaa wa Hallowshaw. Thelma alianza na hali ya hewa. Akaenda kwenye afya ya Clifford. Akasema anajua shule ina mambo mengi, na hapendi kumsumbua mtu, na pengine si wakati mzuri.

Pelayo alikohoa.

"Ni kuhusu vijana," alisema Thelma. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. "Nawataka."

Doña Covadonga aliweka kalamu chini.

"Nawataka warudi," alisema Thelma, haraka sasa, kama mtu anayebandua plasta. "Chumba nakipasha moto kila Jumapili. Clifford anakula nyama mpaka Jumatano. Nyumba imekuwa kimya hata sijui nikae wapi. Na mji wetu ni mji mzuri. Basi. Nimesema."

"Lakini mlinisihi nisiwalete. Kila mtu."

"Tulikuwa tunakubembeleza."

Mkuu wa shule alimtazama Pelayo, ambaye alitikisa kichwa kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyo.

"Na pai?" aliuliza. "Yule bwana alisema si kama zamani."

"Pai ni nzuri. Hazijawahi kuwa nzuri zaidi."

"Na majiko yanayovuja?"

"Linavuja moja."

"Na mvua?"

Thelma alifikiri. Alikuwa ameshasema mengi kuliko alivyosema katika ndoa yake yote, lakini kusema uongo ni jambo lingine. "Mvua ni mvua," alisema. "Ila ng'ombe wetu nao si wabaya."

Ireland walikuwa wameshaahidiwa kundi kubwa, na ahadi haikuvunjwa. Doña Covadonga alichoweza kutoa katika zile hela za nje ni nafasi mbili, kwa majira ya kuchipua, matembezi mafupi, bila kufanya kazi. Alitaja hilo kwa aibu kidogo. Thelma alisema mbili ni nyingi mno, wasijisumbue. Pelayo alikohoa kwa nguvu, na Thelma akajirekebisha: alisema atafurahi. Kisha akarudi kwa Doña Oliva, akaonja maharage yake na soseji, akaweka kijiko chini na kutamka, kila neno peke yake, kwamba ni chakula kitamu. Doña Oliva alijibu kwamba anajua.

Kabla wageni hawajafika, Thelma alikisafisha chumba cha nyuma kwa mashine ya zamani ya mke wa Stanley Greenhalgh, ya tangu kabla ya sheria, yenye kelele za trekta. Clifford alisimama mlangoni akiitazama ikila zulia.

"Nchi nzima imepinduliwa," alisema, "na dawa ilikuwa kwa jirani."

"Inua mguu," alisema Thelma.

Walikuja Aprili, kwa basi la kutoka Manchester, binti aitwaye Xana na kijana aitwaye Nel. Watu wa klabu walikuwa wamekusanyika chini ya kibanda cha kituo. Stanley alivua kofia akatangulia mbele.

"Poleni kwa mvua," alianza. "Sijui wamewaambia nini, lakini hapa hamna—"

"Stanley," alisema Thelma. "Nyamaza."

Stanley alirudisha kofia kichwani. Thelma aliwageukia wale wawili na kuwaambia, kwa sauti ile ya kuwasemesha wasiojua lugha, kwamba wamefika mji mzuri, wenye watu wazuri na pai nzuri. Watu wa klabu waliangalia viatu vyao. Mwenye duka la mikate alipata kitu cha kutafuta mfukoni. Lakini hakuna aliyempinga, na mwanamke wa maktaba aliyesimama nyuma alisikika akisema kwa sauti ya chini kwamba ni kweli.

Ilikuwa Jumatatu. Asubuhi hiyo Lorna alikuwa amerudia masharti, kwa simu: wageni chuoni wataangalia, hawatagusa. Jioni Thelma alikuwa anamenya viazi vya watu wanne, na mara hii walikuwa wanne. Nel alikuja akasimama karibu na sinki, mikono nyuma, kama alivyoagizwa.

"Nisaidie?" aliuliza. "Au hairuhusiwi?"

Thelma aliangalia viazi. Aliangalia dirishani, kana kwamba askari wa mpaka angeweza kuwa anapita.

"Chuoni ni kazi, mpenzi," alisema, akimpa kisu. "Hapa ni adabu."